Kusoma Kilichoandikwa: Miaka Yangu ya Ngumbaru

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa darasa, rejista mbili, na sanduku la chaki lililokuwa na vipande vitatu. Ofisini waliniuliza kama nina neno la kuwaambia walimu wanaobaki. Nikasema nitaandika, kwa sababu nilijua nikisimama kusema nitalia, na mimi nikilia pua ndiyo hutangulia.

Basi hili ndilo neno langu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kwenye barua za serikali inaitwa elimu ya watu wazima. Huku kwetu watu huiita ngumbaru, na mimi nitaiita hivyo, maana ndilo jina nililoitikia tangu Mutomo mpaka Zombe, na mwishowe Salama. Vyeo sitavieleza, havikuwa vingi. Nataka kuwaeleza jambo moja tu ambalo lilinichukua miaka yote hiyo kulielewa: mtu akisoma, hasomi herufi peke yake. Anasoma na yale anayoyajua tayari, na yale aliyoambiwa dakika tano zilizopita. Mara nyingi huo ni msaada. Siku nyingine ni hatari.

Darasa langu la kwanza lilikuwa Mutomo, ndani ya ukumbi wa kanisa ulioezekwa mabati. Kufika saa nane mchana, mabati yalikuwa yakilia kwa joto na wanafunzi wangu, karibu wote akina mama, walikuwa wamevua viatu. Mkubwa kwa umri alikuwa Susu Kamene. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na hakuna aliyethubutu kumwita jina tupu. Siku hiyo ya kwanza niligawa vitabu vilivyoachwa na mwalimu aliyenitangulia, nikamwomba asome ukurasa wa tatu. Kulikuwa na picha ya mbuzi kichakani. Susu Kamene akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma bila kukwama: "Mbuzi anakula majani. Majani ni mabichi. Mbuzi ameshiba."

Nilifurahi kupita kiasi. Jioni nikaenda kwa msimamizi wangu, Bi Kavata, mwanamke mrefu aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, nikamwambia kwamba darasa hili linajua kusoma tayari, labda wanipeleke kwingine.

Bi Kavata akasema atakuja kuona. Kesho yake alikuja mwenyewe, akaketi kando ya Susu Kamene, akafunika picha ya mbuzi kwa kiganja.

"Susu, nisomee tena."

Susu Kamene akatazama ule mkono, akatazama maneno, kisha akamtazama Bi Kavata usoni. "Sasa umenifungia mlango," akasema.

Bi Kavata akafungua ukurasa mwingine ambao darasa lilikuwa halijaufikia. Kulikuwa na mbuzi mwingine, huyu amefungwa kwenye kigingi, na chini yake maneno matatu tu: Mbuzi amefungwa kamba. Susu Kamene akaitazama ile picha kwa makini, akasoma kwa sauti ya uhakika: "Mbuzi amefungwa kwa sababu amekula mahindi ya watu."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote. Bi Kavata peke yake hakucheka. Baada ya kipindi aliniita nje, akatoa karatasi mkobani, akaandika mstari mmoja kunihusu, akanipa nisome.

"Mwalimu Mueni amefika katika ofisi ya elimu leo asubuhi," nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena vilevile. Akaniambia niweke kidole chini ya kila neno. Kidole kilipofika katikati ndipo nilipoona alikuwa ameandika "ofisi ya ya elimu". Ile "ya" ya pili nilikuwa nimeipita mara mbili, na jua la Mutomo likiangaza juu ya karatasi.

"Macho yako yalijua nitaandika nini kabla hayajafika," akasema. "Susu anafanya hivyo hivyo. Yeye anabahatisha sentensi nzima, wewe unabahatisha neno. Usimcheke tena."

Sikumcheka tena. Bi Kavata alinifundisha pia kutengeneza kile kifaa ambacho wengi wenu mliniona nacho mkadhani ni ushirikina: kipande cha boksi la majani ya chai kilichokatwa dirisha dogo katikati. Unakiweka juu ya ukurasa, neno moja tu linaonekana. Picha haipo, jirani wa kushoto hayupo, wa kulia hayupo. Neno linabaki uchi na mwanafunzi anabaki nalo. Miaka ya baadaye ofisi ilituletea mashine ya kuonyesha maandishi ukutani. Ilikuwa nzuri sana. Umeme ndio haukuletwa.

Kwa dirisha lile Susu Kamene alisoma neno lake la kwanza la kweli baada ya miezi minne. Neno lilikuwa "kamba". Alilisoma polepole, akaliangalia kana kwamba ni mtu aliyemjua zamani, akasema, "Kumbe ndiwe."

Kutoka Mutomo nilipelekwa Zombe, na huko nikampata Mzee Abdi. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka kaskazini mashariki, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na alikuja darasani siku ambazo hazikuwa za soko. Kurani aliisoma tangu utotoni. Kilichomshinda ni hizi herufi zetu, ambazo kwanza zilimkera kwa kuanzia upande usiofaa.

Hakuja kwa kupenda. Kwa miaka mingi alikuwa akipokea kibali cha kusafirisha mifugo na kujaza idadi mwenyewe, na kila mtu alidhani anasoma. Ukweli ni kwamba alijua mahali. Mstari wa juu ni ng'ombe, wa pili ni mbuzi, wa tatu ni kondoo. Kisha fomu zikachapishwa upya, mbuzi wakawekwa juu. Abdi akajaza kama kawaida. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alisoma karatasi, akatazama ndani ya lori, akaona mbuzi walioandikwa ni idadi ya ng'ombe, na ng'ombe walioandikwa ni wengi kuliko ambao lori lingeweza kubeba. Wakasimamishwa hapo tangu asubuhi mpaka alasiri, wanyama bila maji. Mbuzi wawili walikufa.

"Mwalimu," akaniambia siku aliyojiandikisha, "wallahi, mimi nilijua nyumba ya neno. Neno lenyewe sikulijua hata siku moja. Likahama, nikapotea. Nifundishe neno lenyewe."

Nikamfundisha kwa dirisha la boksi, na alikuwa mkali kwa nafsi yake kuliko nilivyokuwa mimi. Lakini msidhani Zombe nilijifunza kuogopa kubahatisha tu. Siku moja Abdi alileta cheti alichoandikiwa na daktari wa mifugo. Mwandiko ulikuwa kama kuku amepita na miguu yenye tope. Nikaugeuza huku na huku, nikaona k, labda p, basi. Abdi akauchukua, akaukodolea macho kidogo, akasema, "Kupe. Dawa ya kupe. Na hapa ni 'kila wiki mbili'."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemwambia ng'ombe wana kupe. Angeandika nini kingine?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi mwenye cheti cha ualimu nilikuwa na herufi bila ng'ombe, yeye alikuwa na ng'ombe na herufi chache, na yeye ndiye aliyesoma. Tangu siku hiyo nilianza kuwahimiza wanafunzi watumie yale wanayoyajua. Kama unajua habari ni ya nini, neno gumu litakusogelea lenyewe. Niliamini hivyo, na nilifundisha hivyo kwa miaka, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Huko ndiko kosa langu lilikoanzia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Ukitaka kuona jinsi neno linavyobadilika kwa mahali pake, fundisha Salama. Wanafunzi wangu wote walilijua jina la mji kwenye kibao cha barabarani. Nikiandika ubaoni "Tulisafiri salama", nusu yao walisema tulisafiri mpaka hapa hapa.

Huko alikuwapo Mama Syombua, mjane aliyeuza machungwa kwa madereva wa malori. Marehemu mumewe alimwachia ploti moja iliyopakana na barabara, na hiyo ndiyo mali yote aliyokuwa nayo, pamoja na kibanda cha machungwa. Nimefundisha watu wengi, lakini sijapata kuona mtu anayesoma taratibu namna ile. Alikuwa anavunja kila neno silabi kwa silabi, hata maneno aliyoyasoma jana, hata jina lake. "Syo. Mbu. A." Wenzake walikuwa wakishusha pumzi kwa nguvu. Mimi pia, Mungu anisamehe.

"Mwaitu," nilikuwa nikimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, "si lazima ukamue kila neno. Angalia sentensi inaenda wapi, ubashiri kidogo."

"Ii, Mwalimu," alikuwa akijibu, yaani ndiyo. Kisha anarudi kwenye silabi zake.

Asubuhi moja alikuja darasani kabla ya wakati akiwa na mwanamume aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Huyo alikuwa Muthiani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Alitaka kuikodi ploti ya Mama Syombua kwa miaka mitano aweke mbao, mabati na saruji, na ajenge stoo. Walikuwa wameshakubaliana. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa tayari, nakala mbili. Mama Syombua alitaka niisome kabla hajatia sahihi, niwe pia shahidi wake.

Muthiani alinisalimia kwa adabu, akanieleza mpango mzima: atakodi miaka mitano, atajenga stoo kwa gharama yake, miaka ikiisha ataondoka na stoo itabaki ya mama. Nikaona ni mpango mzuri. Nikachukua karatasi, nikasoma kwa sauti, haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Mwishoni kulikuwa na mstari huu, nao nikausoma hivi: "Miaka mitano ikiisha, mpangaji ataachia ploti na majengo yote yaliyojengwa juu yake."

"Iko sawa," nikasema. "Ni kama alivyoeleza."

Muthiani akatoa kalamu. Mama Syombua hakuichukua.

"Na mimi nisome," akasema.

"Lakini Mwalimu ameshasoma, mama," Muthiani akasema kwa upole.

"Nimesikia. Mimi nilikuja ngumbaru kwa sababu ya karatasi kama hizi. Nikiacha hii nitasoma gani?"

Akaketi kwenye benchi la mbele, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Muthiani akatazama saa. Wanafunzi wengine wakaanza kuingia, wakapata mwenzao akikamua. Nilianza kuandika ubaoni huku nikiona aibu kidogo kwa niaba yake. Nadhani nusu saa ilipita. Aliposoma mstari wa mwisho sauti yake ilinifikia nikiwa nimeligeuzia darasa mgongo.

"M-pa-nga-ji. A-ta-a-chi-wa." Akarudisha kidole nyuma. "A-ta-a-chi-wa. Mwalimu, mbona hapa kuna 'wa'?"

"Ni 'ataachia', mwaitu. Endelea."

"Mimi naona 'wa'."

Nikaenda pale, nikainama, nikiwa na chaki mkononi na subira kidogo tu. Nikaweka kidole changu kando ya chake. Ilikuwa imeandikwa: mpangaji ataachiwa ploti na majengo yote.

Ninyi mnaosoma haya, nisomeeni mstari huo tena. Akiachia, anaondoka. Akiachiwa, ploti ni yake. Herufi moja tu, na mimi nilikuwa nimeisoma kwa sauti, mbele ya mwenyewe, nikaipita. Nilikuwa nimeambiwa karatasi inasema nini, kwa hiyo nikasoma nilichoambiwa. Nikatazama nakala ya pili. Hiyo pia ilikuwa na "wa".

"Ai! Ni makosa ya kompyuta," Muthiani akasema, akiwa ameshasimama. "Hawa wasichana wa kupiga chapa wana haraka sana."

Sijui mpaka leo kama ilikuwa haraka ya mpiga chapa au kitu kingine, na sitamhukumu hapa. Mama Syombua hakumlaumu wala hakupandisha sauti. Alizikunja karatasi zote mbili, akampa. "Basi akaandike tena bila haraka. Mimi niko hapa."

Karatasi mpya zilikuja siku ya pili. Aliisoma yake mwanzo hadi mwisho, akaisoma na ya Muthiani, kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa kubwa, na mimi nikatia sahihi chini yake.

Baada ya Muthiani kuondoka nilisimama mbele ya darasa, nikawaeleza nilivyosoma kisichokuwepo. Nilidhani watanicheka. Hawakucheka. Nikamwomba Mama Syombua msamaha kwa kumhimiza abashiri, na akanijibu kitu ambacho ningependa kiwekwe katika mafunzo yenu ya kila mwaka: "Mwalimu, wewe unasoma kama mtu anayejua. Mimi sijui, ndiyo maana naangalia."

Nilibadilisha namna yangu ya kufundisha. Mambo ya kila siku, barua za watoto, maelekezo ya dawa za mifugo, matangazo ya mkutano, niliwaacha wabashiri na kwenda mbio wanavyotaka. Lakini mtu akiniambia, "Hii karatasi ni ya kutia sahihi," tulikuwa tunakaa chini, tunasahau kila tulichoambiwa juu yake, na tunaisoma silabi kwa silabi kama siku ya kwanza. Wengine walichoka na mimi. Sawa.

Miaka mitano ikaisha, na Muthiani hakuondoka. Stoo ilikuwa imejaa, biashara ilikuwa imeshika. Alipoambiwa muda umefika, alisema makubaliano yalikuwa kwamba ataachiwa ile ploti. Mama Syombua akaenda kwa chifu, na mimi nikaitwa kama shahidi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu.

Ofisi ya chifu ilikuwa imejaa, kwa sababu habari kama hizo hazikosi wasikilizaji. Chifu alikuwa kijana kiasi, mwenye haraka, anayeshughulika kweli na kazi yake. Alimpa Muthiani nafasi ya kwanza, na Muthiani akaeleza vizuri sana, kwa muda mrefu, jinsi alivyojenga stoo kwa gharama yake na jinsi mama alivyokubali kumwachia. Alipoulizwa nakala yake, alisema ililowa mvua. Kisha chifu akapokea nakala ya Mama Syombua, iliyotunzwa ndani ya Biblia mpaka ikawa bapa kama jani. Akaisoma kwa sauti, mistari ikitiririka.

"Miaka mitano ikiisha, mpangaji ataachiwa ploti na majengo yote yaliyojengwa juu yake."

Watu wakaguna. Kwa dakika nzima niliamini kwamba tulitia sahihi karatasi zisizofaa, kwamba nilikosea mara ya pili, na kwamba mjane huyu atapoteza mali yake kwa sababu ya macho yangu. Muthiani aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maombi.

Mama Syombua akasimama. Miguu ilikuwa inamuuma siku hizo, akajishikilia kwenye meza.

"Chifu, nisomee tena hapo mwisho. Weka kidole."

"Nimeshasoma, susu."

"Umesoma alivyosema huyu. Nisomee ilivyoandikwa."

Chini ya dirisha mtu akacheka. Chifu alimtazama kidogo. Namsifu kwa hilo, wengi wangekasirika. Aliitandaza karatasi mezani, akaweka kidole kwenye neno, na ofisa wa serikali mwenye kofia yake akaanza kusoma kama mwanafunzi wa ngumbaru, huku ofisi yote ikimsikiliza.

"A," akasema. "Ta. A. Chi."

Akasita. Akasogeza karatasi karibu na macho.

"A," akasema. "Ataachia."

Chifu akamwinulia Muthiani macho, na Muthiani akaanza kuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupewa mwezi mmoja wa kuhamisha mabati. Mama Syombua akampa miezi miwili. Halafu akaomba karatasi yake arudishiwe, akaisoma mstari ule tena, kidole kikitembea, midomo ikisogea, na sisi sote tukamngoja mpaka amalize.